Kadi Yangu na Kangomba ya Kaka

Niliingia kwenye chumba cha mkopeshaji wa mtaani kumsindikiza rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Meza moja, kalenda ya mwaka uliopita, feni inayozunguka kwa kusitasita. Mwenye ofisi alipovuta droo kutafuta kadi ya rafiki yangu, nikaona kadi za ATM zimepangwa kama karata, kila moja imefungwa na kikaratasi chenye namba ya siri. Sikuzihesabu, lakini zilikuwa nyingi kiasi cha kunitia aibu kwa niaba ya wenyewe. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda mashineni. Anachukua chake, kinachobaki anampa mwenye kadi. Wakopeshaji wa namna hii watu wanawaita kausha damu, na aliyelitunga jina hilo alikuwa anajua anachosema.

Kwa hiyo mtu akiniambia kadi za mkopo ni jambo la wazungu huwa naikumbuka ile droo. Sisi tunazo, ila zetu zimegeuzwa: kadi ya kutolea hela yako mwenyewe inakuwa rehani ya hela ya mwenzio. Kadi ya mkopo yenyewe, ile unayochanja dukani ukatumia hela ya benki halafu ukadaiwa, hapa Mtwara wenye nayo ni wachache. Mimi ni mmoja wao. Ilinishinda kwa zaidi ya miaka miwili.

Niliipata mwishoni mwa 2017, na anayejua Kusini anajua Desemba ile ilikuwaje. Bei ya korosho mnadani ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Mji ulinuka pikipiki mpya. Wauza mabati walikuwa hawapokei simu. Mimi ni mwajiriwa wa ofisi ya uwakala wa mizigo, mshahara wangu haukuongezeka hata senti, lakini furaha ya msimu inaambukiza. Isitoshe nina sehemu yangu ya mikorosho aliyotuachia baba kule Nanyamba, kaka ndiye anayeihudumia. Ofisa wa benki akaniambia nina sifa ya kupata kadi yenye ukomo wa milioni tatu. Nilisaini nikiwa nimesimama.

Hadi katikati ya Januari nilikuwa nimetumia milioni mbili. Simu, friji, tiketi ya ndege kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ambayo basi lingenifikisha vilevile. Hakuna hata kimoja nilichokihitaji mwezi ule. Nilijiambia korosho za mwaka huu zitalipa.

Kadi inavyofanya kazi ni hivi. Kati ya siku unayonunua na tarehe ya kulipa kuna kipindi cha neema. Ukimaliza deni lote kabla ya tarehe hiyo, riba hakuna, umetumia hela ya benki bure. Usipomaliza, riba inaanza kutembea, na kwa kadi nyingi hata utakachonunua mwezi unaofuata kinakosa ile neema. Ukitoa taslimu kwenye ATM kwa kadi hiyo ni balaa jingine: kuna ada ya kutoa, na riba inahesabika kuanzia siku ileile. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi niliyosaini nikiwa nimesimama.

Halafu kuna kitu kinaitwa malipo ya chini. Kila mwezi benki inakutumia ujumbe wa upole: unadaiwa kiasi hiki, lakini unaweza kulipa kiasi hiki kidogo. Kwangu ilikuwa asilimia 5 ya deni, riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi. Ukisikia hivyo unaona umesamehewa. Sasa chukua daftari. Deni ni 2,000,000. Mwezi wa kwanza riba inaongeza 60,000, unalipa 103,000, deni linashuka kwa 43,000 tu. Mwezi unaofuata unalipa pungufu kidogo, na deni nalo linashuka pungufu kidogo. Mimi nililipa malipo ya chini kwa miezi 24 bila kukosa, bila kununua kitu kingine kwa kadi ile, tena nikijisifu kuwa mlipaji mzuri. Nilitoa mfukoni karibu 1,950,000. Nilikuwa bado nadaiwa 1,187,000.

Soma tena hizo namba mbili za mwisho. Mimi nilizisoma mara nyingi, usiku, mke wangu akiwa amelala.

Lakini sikufika hapo kwa uvivu wa hesabu tu. Nilikuwa nangoja msimu. Agosti 2018 nilikwenda Nanyamba kuangalia shamba, nikakuta kaka ameshakula kangomba, yaani ameshachukua hela ya korosho ambazo hazijavunwa. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni yule mnunuzi anayekuja kabla ya msimu, au nje ya utaratibu, na hela mkononi, anapima kwa bakuli badala ya mizani na kwa bei yake mwenyewe. Utaratibu rasmi wa stakabadhi ghalani umekuwepo Mtwara tangu msimu wa 2007/2008: unapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaingia ghalani, unakwenda mnadani, unangoja malipo. Kangomba ni marufuku na kila mtu anajua ni marufuku. Ila mtoto anatakiwa kurudi shule leo, na korosho bado ni maua.

Nilimfokea. Nikamwambia, kaka, unauza kitu ambacho mti haujakizaa, kwa robo ya bei, halafu Novemba unakaa kibarazani kuangalia malori ya wenzio. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, hiyo simu uliyoshika umeshailipia?"

Nilikaa kimya.

"Basi na wewe umekula kangomba," akasema. "Tofauti yako na mimi, wa kwako amevaa tai."

Tangu siku ile sijaweza kuiona kadi kwa macho mengine. Na kusema kweli kaka alinionea kidogo, kwa sababu kangomba hukuchukulia nusu ya mavuno au zaidi, wakati kadi inayolipwa kwa wakati haichukui kitu. Lakini alichokiona yeye, mtu wa darasa la saba, ofisa wa benki hakuniambia: nilikuwa nimeuza msimu ambao haujafika.

Na msimu haukufika nilivyopanga. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za minadani, minada ikasimama. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kubeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Ila kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki wa kila mkulima, ili kuwanasa hao hao wa kangomba, na uhakiki ukavuta miezi. Watu waliokuwa na tani ghalani waliingia mwaka mpya wakikopa unga. Hela za sehemu yangu ya korosho zilipokuja, ada na madeni ya dukani yalikuwa yameshajipanga mlangoni, na kadi ikabaki kulipwa malipo ya chini.

Kwa hiyo neno langu kwa watu wa Kusini ni hili, na nadhani halisemwi vya kutosha kwenye semina za elimu ya fedha zinazoletwa na watu wanaopanda ndege kurudi Dar siku hiyohiyo. Kadi ya mkopo ilibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye hela yake inaingia kila mwezi. Mtwara na Lindi ni mikoa ya msimu. Hata wewe mwenye mshahara, usijidanganye: dada yako mwenye mgahawa anategemea msimu, mpangaji wako anategemea msimu, anayekudai na unayemdai wote wanasubiri mnada. Deni la kadi lina tarehe, nalo halijui habari ya uhakiki wala mvua zilizopukutisha maua. Kanga zinasema kukopa harusi kulipa matanga. Huku kwetu tunakopa wakati wa kupulizia mikorosho salfa.

Na tabia hii haikuanza na korosho. Walioshuhudia mji huu wakati wa gesi, miaka ya 2012 na 2013, wanakumbuka vyumba vilivyopanda bei kana kwamba tuko Masaki. Jirani yangu alikopa akajenga nyumba za kulala wageni kwa ajili ya wazungu wa gesi. Bomba likajengwa, gesi ikaenda Dar es Salaam, wageni wakapungua, mkopo ukabaki. Sasa Lindi ninasikia watu wanapiga hesabu za aina hiyohiyo kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o. Sina la kuwaambia, wangoje tu waone tingatinga kwanza.

Hata hivyo siungani na wanaosema kadi ichanwe kwa mkasi. Mtu akizibwa njia yenye masharti ya kuandikwa, anakimbilia kwenye ile droo. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini rafiki yangu mwalimu alikuwa analipa asilimia 20 na hana karatasi ya kumshitakia mtu. Mwaka 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilizifungia programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wengine wetu tulizijua kwa zile meseji walizotumiwa wakwe na mabosi, kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Ukilinganisha na huko, kadi ya benki ni mdai mwenye adabu.

Na ile sheria ya kumbakishia mfanyakazi theluthi moja ya mshahara wake inakulinda dhidi ya makato yanayopitia kwa mwajiri tu. Kadi haipiti huko. Simu haipiti huko. Unaweza ukaonekana msafi kabisa kwenye karatasi ya mshahara huku umekatika vipande vitatu.

Mimi nilitoka kwa kuuza pikipiki, mwanzoni mwa 2020. Ilikuwa ya Desemba ile ya 2017 pia, ila hiyo nilinunua taslimu, nashukuru. Nililipa deni lote siku moja. Kadi sikuifunga. Naitumia kwa vitu viwili tu, tiketi za safari za kikazi ambazo ofisi inanirudishia, na malipo ya mtandaoni yanayodai kadi, na nalipa deni zima mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata mkaa. Taslimu sitoi humo. Dharura za nyumbani zinakwenda kwenye kikoba chetu cha mtaani Chuno, ambako riba ninayolipa inanirudia wakati wa kugawana, na ambako nikichelewa mama mwenyekiti anakuja mwenyewe mlangoni.

Jambo moja lilinichukua muda zaidi kulifanya. Nilikwenda benki kuomba ukomo ushushwe, kutoka milioni tatu hadi laki sita, kiasi ninachoweza kulipa kwa mshahara wa mwezi mmoja hata korosho zikioza ghalani. Binti wa dirishani aliniuliza mara mbili kama nimemaanisha kuongeza. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja na fomu, akaikuta haina sehemu ya kupunguza, akaandika kwa mkono pembeni.