Tusiidharau kozi hii

Ndugu mnaoicheka habari hii ya vyuo vya jamii Marekani kufundisha tiba kwa msaada wa wanyama, naomba mnisikilize. Mwanasaikolojia Boris Levinson aliandika tangu 1962 jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia kuwafikia watoto waliojifungia kimya. Mimi nimeyaona Kongwa. Mpwa wangu hasemi na wageni kabisa, lakini jioni mbuzi wakirudi zizini humkumbatia mmoja shingoni na kumsimulia yote ya shuleni, taratibu, mpaka giza liingie. Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, na Mpwapwa kuna chuo cha mifugo. Kwa nini wasikae pamoja waanzishe hata kozi fupi? Ila mbwa wachanjwe kwanza, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina dawa.