Cheni ya bodaboda inahitaji matone, si kumwagiwa

Kinachonikera kwenye biashara ya bodaboda ni kumwona kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, mkataba haujafika hata nusu, na tayari anaingia dukani kununua cheni na sproketi nyingine, yaani lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Ukimuuliza atakwambia cheni za siku hizi ni feki. Zipo feki, sibishi. Lakini nyingi ninazoziona kwa mafundi zimekufa kwa ukavu: kutu kwenye pini, vumbi jekundu limegandamana pembeni, na ukizikunja kwa mkono kuna pingili zinazogoma kunyooka.

Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutwa. Kinacholika ni pini na bushi, kibomba kinachoizunguka pini, ndani ya kila kiungo. Cheni ya 428, iliyojaa kwenye pikipiki zetu, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kila kiungo kikilika sehemu ya kumi tu ya milimita, viungo mia moja vinakupa sentimita nzima ya ulegevu. Hapo meno ya sproketi yanaanza kuchongoka, fundi anakaza, inalegea tena, na siku moja inaruka mlimani abiria akiwa nyuma. Ikikatika kwenye mwendo inaweza kuvunja kava la injini au kujisokota na kufunga tairi la nyuma. Watu wanaumia kwa hili.

Miongozo mingi ya pikipiki inataka cheni ipakwe mafuta kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anatakiwa aifanye kazi hiyo karibu kila wiki, na masika mara nyingi zaidi, maana mvua na mashine ya kuoshea haviachi kitu. Nani kijiweni ana nafasi hiyo? Abiria akiita, unawasha na kuondoka. Kazi ya namna hii tusiitegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Na dawa ipo miaka mingi. Huko Uskoti, mnamo miaka ya 1980, Fraser Scott alileta Scottoiler, kifaa kinacholisha cheni oili wakati pikipiki inatembea. Yale ya mwanzo hayahitaji umeme wowote. Kuna tangi dogo, na mrija mmoja unaounganishwa na njia inayopitisha hewa kwenda kwenye injini. Injini ikiwaka, mvuto wa hewa ile unafungua vali, oili inashuka kwa uzito wake hadi kwenye sproketi ya nyuma, tone moja au mawili kwa dakika. Ukizima, vali inajifunga. Baadaye yakaja ya umeme yanayohisi mwendo, ya kuzungusha kifuniko kwa mkono, hata ya kuminya chupa tu.

Vifaa hivi vimezoeleka zaidi Ulaya, kwa wenye pikipiki kubwa za safari ndefu. Kwa maoni yangu vinamfaa zaidi dereva wa Morogoro au Kisumu. Cheni za pikipiki kubwa huwa na pete ndogo za mpira zinazofungia grisi ndani tangu kiwandani. Mafuta ya nje yanasaidia rola (vile vigurudumu vya cheni vinavyogusa meno), meno na zile pete zenyewe. Cheni zetu nyingi hazina pete. Pini inategemea kile kinachopenya kutoka nje, na kisipopenya, chuma kinasagana na chuma kutwa nzima.

Tunachopaka sasa hakisaidii sana. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina masizi na chembe za chuma, halafu tunaipeleka kwenye viungo tunavyotaka kuvilinda. Grisi inakaa juu, haipenyi, na inakusanya mchanga. Oili safi ya gia ni bora mara nyingi, na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: tone ni kama mililita 0.05, kwa hiyo tone moja kwa dakika ni mililita tatu tu kwa saa.

Ya umeme siyapendekezi hapa. Ningechagua ile ya kuminya. Chupa ndogo karibu na usukani, mrija wa petroli unaoonyesha ndani, na ncha nyembamba iliyofungwa imara ikigusa upande wa sproketi ya nyuma, chini. Sproketi ikizunguka inayasukuma mafuta kwenda nje hadi kwenye meno na rola. Dereva anaminya kidogo asubuhi, kidogo mchana, basi. Ya koki inayodondosha muda wote inamfaa msafiri. Kwa mtu anayesimama kijiweni kila mara, akisahau kufunga, oili yote inaishia chini.

Mafundi wananiambia oili italeta vumbi. Hoja hiyo naiheshimu, hasa kwa barabara zetu. Lakini oili nyepesi inayokuja kidogo kidogo hutoka na uchafu inaporuka. Kinachogandisha vumbi ni kumwaga nusu kikombe kwa mpigo. Ukiona rimu imelowa, umezidisha, punguza siku hiyo hiyo, kwa sababu oili kwenye ubavu wa tairi ni hatari kwenye kona. Na kava la cheni lirudishwe! Mafundi wengi wakilifungua kukaza cheni hawalirudishi, eti linasumbua.

Waagizaji wa pikipiki wanaweza kufunga kishikio cha mrija kabla ya kuuza. Vyama vya bodaboda visiwasubiri. Vichukue pikipiki mbili za njia moja, vizifunge cheni mpya za aina moja siku moja, moja iwe na chupa na nyingine ipakwe kama kawaida. Pingili 20 za cheni mpya ya 428 ni milimita 254, kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Zipimwe kila mwezi kwa rula ya chuma, cheni ikiwa imevutwa ikaze, na vipimo vya zote mbili vibandikwe kijiweni kila dereva avisome.