Aliyekaza Filta Hii Aje Aifungue

Jumamosi iliyopita niliamua kuokoa elfu kumi. Nawaambia mapema mjue msiba ulianzia wapi.

Gereji wanataka elfu 10 ya ufundi, kumwaga oili ya gari na kubadili filta, kile kikopo cha kuchuja oili. Nikajiuliza, hivi kazi yenyewe ni nini? Unalala chini, unafungua nati moja, unafungua na kopo moja, unafunga, unajaza, unaondoka. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Nikanunua galoni ya lita 4, maana gari yangu, Toyota IST, inakunywa lita 3 na pointi 7, nikanunua na filta mpya, nikavaa bukta ya zamani. Nikapiga jeki, nikazuia tairi za nyuma kwa mawe, nikasukumia tairi la akiba chini ya bodi ili jeki ikinisaliti nisiwe chapati. Hadi hapo mimi ni fundi, tena fundi mwenye nidhamu.

Nikafungua nati, oili ikashuka kwenye karai, nyeusi tii, kama kahawa ya msibani. Nikajisikia mwanaume.

Sasa hapo ndipo nilipokosea, na nyie wenye magari mnisikilize: legeza filta kwanza ndiyo umwage oili. Ukishamwaga, gari limeshalala wodini. Huwezi tena kuliendesha hadi gereji ukajifanya unapita tu. Itabidi umpigie fundi aje, na fundi anayefuatwa nyumbani ana bei yake nyingine kabisa.

Nikapeleka mkono kwenye filta. Kile kikopo hakizidi kopo la maziwa mazito. Nikazungusha. Kimya. Nikabana meno, nikazungusha tena, mkono ukateleza, vidole vikaenda kusalimiana na chuma. Ngozi ya vidole viwili ipo kule hadi leo.

Nikaanza kumtukana aliyeikaza. Maana filta haikazwi namna hii, jamani! Unapaka oili mpya kidogo kwenye ule mpira wake, unazungusha kwa mkono mpaka mpira uguse injini, unaongeza robo tatu ya mzunguko, basi, unaenda kunawa. Aliyekaza hii alikuwa na ugomvi na mtu. Au alidhani anafunga tenki la gesi. Na mpira aliufunga mkavu, nina hakika, ukapikwa na joto la injini miezi yote hii mpaka ukajibandika kama ukoko.

Mtaani kwetu Mbagala ukilala chini ya gari dakika tano umeitisha mkutano. Wa kwanza kufika ni mzee wa nyumba ya pili, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma. Yeye haulizi, anachungulia tu na kuguna. Akafuata kijana wa bodaboda.

"Mzee, hapo unafungua au unakaza?"

Nikataka kumjibu vibaya, kisha nikatulia. Ukiwa umelala chali, kichwa huku, mikono kule, kulia na kushoto vinabadilishana vyeo. Nikaiangalia filta kitako kwa kitako, nikachora mshale wa saa hewani kwa kidole. Kijana alikuwa na hoja. Robo saa nzima nilikuwa nakaza.

Mangi wa dukani naye akapaza sauti kutoka dirishani kwake: "Washa injini ipate moto, filta italegea!" Ushauri mzuri kabisa, chuma kikiwa na uvuguvugu kweli hulegea. Tatizo ni kwamba oili yote ilikuwa kwenye karai. Nikiwasha injini kavu nitakuwa nimebadilisha tatizo la kikopo kuwa tatizo la injini. Mangi hajawahi kuwa na gari, lakini hakuna siku amekosa jibu.

Bodaboda akaniletea kipande cha msasa nikizungushie filta ipate kushikika. Ikashikika, haikutoka. Nikavuta kitambaa kwenye kamba, nikakamata nacho, nikanyonga. Nilipokitazama vizuri kilikuwa khanga ya mama Neema, imeandikwa MAJUTO NI MJUKUU. Sasa hivi mjukuu ana doa jeusi kutoka pindo hadi pindo.

Nikaingia ndani nikachomoa mkanda kwenye suruali. Mkanda wa kazini, ngozi halisi. Unauzungusha kwenye filta, unapitisha spana, unapinda, unavuta. Filta ikatoa mlio, kriii! Umati ukashangilia. Kumbe aliyelia ni mkanda. Umekatikia kwenye tundu la tatu, ndilo tundu langu. Jumatatu nimekwenda kazini nimeshika suruali kama mtoto wa chekechea.

Ndipo mzee wa Tunduma akafungua kinywa. "Toboa."

"Shikamoo mzee, nitoboe nini?"

"Marahaba. Piga bisibisi ipite huku itokee huku, iwe mpini, uzungushe."

Ningejua nisingemsikiliza, ila mtu mzima akisema utafanyaje? Nikaipiga nyundo bisibisi, ikapita. Nikazungusha. Lile bati ni laini, jamani, likachanika polepole, zunguuuka, kama kopo la samaki. Oili iliyobaki mle ndani ikapata mlango. Ikapita kiganjani, ikashuka kiwiko, ikatafuta kwapa ikalipata. Nililala pale nikiwa nimeikumbatia gari, naisikia oili inanitekenya, na filta imebaki tako tupu limeng'ang'ania injini, na karatasi zake zinaning'inia nje kama utumbo.

Nikamtafuta mzee kwa macho. Alishaondoka, kaenda kuswali.

Aliyeniokoa ni fundi seremala wa barabarani. Akaleta patasi aliyostaafisha, maana ile kali hataki iguse chuma. Akanielekeza: tako la filta ni bati nene, halichaniki, weka ncha ya patasi ukingoni, gonga kwa ubavu, kuelekea upande wa kufungua. Nikagonga. Nikagonga. Jua likazama, mbu wakaingia zamu, mama Neema akatoka na tochi ya simu kunimulika. Kwenye pigo la sijui arobaini ngapi, tako likasogea uzi mmoja. Nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Fundi akaomba oili chafu akapake mbao zake zisiliwe na mchwa. Nikampa karai zima, nikasahau na karai lenyewe.

Nikatoa tako, nikahakikisha mpira wa zamani umetoka nalo, maana ukibaki ukafunga mpya juu yake oili yote utaimwagia barabara. Nikamwonyesha mama Neema ule mpira: mkavu, mgumu. "Unaona? Unaona kazi ya wale vijana wa gereji? Mtu kama huyu angefungwa."

Akanimulika usoni.

"Baba Neema. Gereji gani? Si ulibadilisha mwenyewe mwezi wa tatu, hapa hapa? Mimi ndiye niliyeshika tochi. Ukasema wa gereji hawakazi vizuri, ukaweka spana ya mnyororo, ukachomeka na bomba la maji ili upate nguvu."

Nikakumbuka. Nikakumbuka na bomba lilikolalia, nyuma ya tenki. Hata ile spana ya mnyororo nilikumbuka ilipo: uvunguni mwa kitanda, ambako ingenifungulia filta asubuhi saa nne.

Sikusema neno. Nikapaka oili mpira mpya, nikazungusha kwa mkono, ukagusa, nikaongeza robo tatu. Nikafunga nati, nikajaza, nikawasha, nikachungulia. Hakuna tone. Nikaoga kwa sabuni ya unga.

Saa saba usiku nimekodoa macho. Robo tatu tu? Kwa mkono tu? Na kesho kutwa nina safari ya Kibaha. Nikashuka kitandani taratibu, nikapapasa uvunguni.

"Baba Neema, unakwenda wapi?"

"Chooni."

"Na mnyororo?"