Enduro ya shokapu mbili kwa njia za Arusha na Moshi: thamani iko wapi?

Ukiwakuta waendesha baiskeli wa huku kaskazini wakibishana kuhusu enduro, ubishi karibu wote ni wa bei: nani kapata ya bei poa, nani kapigwa. Bei ya siku ya kwanza ni sehemu tu ya hesabu. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma unaendelea kuilipia kila masika yakipita: beringi, sili, mafuta, padi. Kwa hiyo baiskeli ya thamani ni ile utakayoweza kuihudumia ukiwa Arusha au Moshi, mahali ambapo sili ya shokapu haipo dukani na kuiagiza ni wiki kadhaa.

Enduro ni mashindano ambayo muda unaohesabiwa ni wa kushuka. Kupanda unajipeleka mwenyewe. Baiskeli yake imejengwa hivyo: shokapu ya mbele inacheza milimita 150 hadi 180, gurudumu la nyuma 150 hadi 170, pembe ya mbele ya fremu imelala digrii 63 hadi 65, na uzito mara nyingi ni kilo 15 na kuendelea. Kwenye milima ya Ulaya yenye lifti za kubeba watu, uzito huo haumsumbui mtu. Kutoka Moshi mjini, mita 800 na ushei, hadi lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, hakuna lifti. Ni miguu yako, au umlipe mwenye Noah.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Njia za kushuka Kibosho na Uru, zile zinazokatiza kwenye migomba na kahawa, zina mizizi, mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Hapo gurudumu la nyuma lisilo na shokapu linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Shokapu ya nyuma inalirudisha chini, unasimama pale ulipokusudia. Pembe iliyolala nayo inaweka gurudumu la mbele mbali nawe, hivyo ukigonga jiwe kwenye mteremko mkali si rahisi kupinduka. Huu ni usalama, si anasa, hasa saa ya mwisho ya safari mikono ikiwa imechoka.

Wanaoipinga nao hawakosei. Kwa pesa ileile, baiskeli ya shokapu moja inakupa shokapu bora ya mbele, breki bora na magurudumu bora, maana mtengenezaji hakulipia viungo vya nyuma. Haina beringi za fremu za kubadilisha wala shokapu ya nyuma ya kuvuja. Na tuseme ukweli, wengi wanaoitamani enduro wanaendesha barabara za vumbi za Ngaramtoni, Usa River au kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC. Huko shokapu moja ya milimita 130 na tairi pana ya inchi 2.4 inatosha na kubaki.

Kwa maoni yetu, mwenye mteremko wa kweli karibu na kwake anunue shokapu mbili, ila asikimbilie ile ndefu kuliko zote. Milimita 140 hadi 150 nyuma na 150 hadi 160 mbele ndiyo kipimo cha kwetu. Ya 170 inalipa kwa anayebebewa baiskeli hadi juu. Anayepanda kwa miguu yake atailaani kila kona.

Kuna kundi moja la kukataa bila mjadala: zile za chuma zinazouzwa kwa bei ya kutupa, springi nyekundu katikati ya fremu. Nyingi zina springi tupu, hazina mafuta ya kuituliza. Kandamiza siti kwa uzito wako, kisha achia ghafla. Ikikurushia siti mkononi na kuendelea kudunda, hiyo si shokapu, ni pambo. Shokapu halisi inarudi mara moja tu, kwa mwendo uliodhibitiwa.

Sasa mpya au mtumba? Mpya ya enduro ya aluminiamu, yenye vifaa vya kueleweka, ng'ambo huanzia takriban dola 2,500, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa pesa pungufu ya hapo unapata mtumba wenye shokapu za daraja la juu, na hapo ndipo mtumba unaposhinda. Unaposhindwa ni kwenye vipimo vilivyopitwa na wakati. Tafuta ekseli ya nyuma ya milimita 148 kwa 12 na ya mbele ya 110 kwa 15, magurudumu ya inchi 29 au 27.5, na shokapu ya nyuma ya vipimo vya milimita vilivyoingia sokoni mwaka 2016, mfano 230 kwa 65, yaani urefu kwa mwendo wake. Nyumba ya beringi za krenki iwe ya kufunga kwa nyuzi kama za skrubu. Zile za kusukumiwa ndani hupiga kelele zikiingia vumbi. Kishikio cha kibadilisha gia kikiwa kile cha pamoja kilicholetwa na SRAM, kampuni ya vifaa vya baiskeli, mwaka 2019, ni faida kubwa, kwa sababu kinatumika kwenye fremu za makampuni mengi. Kikivunjika cha aina ya kipekee, baiskeli inalala hadi kingine kije.

Ukaguzi uanzie nyuma. Shika siti, inua baiskeli kidogo kisha iachie kwa upole, mara kadhaa. Ukisikia "tok" kabla gurudumu la nyuma halijanyanyuka, bushi za shokapu au beringi za viungo zimekwisha. Beringi za fremu hufa mapema kwa sababu hazizunguki mzunguko kamili. Zinacheza digrii chache tu, mzigo unakandamiza sehemu ileile, na maji ya presha ya kwenye kuosha magari yanasukuma tope ndani. Nafuu ni kwamba namba zake ni za kawaida: 6902, kwa mfano, ni milimita 15 kwa 28 kwa 7, na maduka ya beringi za pikipiki na pampu huwa na saizi za namna hiyo. Ile iliyojazwa gololi bila kizimba ndiyo inayodumu kwenye viungo. Ya kawaida itafanya kazi, kwa muda mfupi zaidi.

Pitisha ukucha kwenye miguu ya shokapu ya mbele. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha utakata sili. Funga breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma: mlio kutoka pale miguu inapoingia kwenye taji, kipande cha juu kinachoiunganisha, ni hasara isiyotengenezeka, unabadilisha sehemu yote ya juu. Tazama maungio ya fremu nyuma ya usukani na kwenye mashikio ya shokapu. Ufa kwenye aluminiamu usidanganywe kwamba fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni ataumaliza. Joto la kuchomelea linaondoa ugumu wa metali hiyo, na ufa hurudi pembeni ya mshono. Cheni nayo ipime kwa rula: kutoka pini ya 1 hadi ya 25 ni milimita 304.8. Ikizidi 306, ya gia 12 imekwisha, na huenda imeshakula kaseti.

Breki zinafurahisha kwa sababu hapa duka la spea za magari linaingia kazini. Breki nyingi za SRAM zinatumia mafuta ya DOT 5.1 au DOT 4, yanayopatikana mjini. DOT 5 ya silikoni usiguse. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, ambayo ni ya kuagiza, lakini hayanyonyi unyevu. Usichanganye kamwe; sili zitavimba. Zipo pia za SRAM za karibuni zinazotumia mafuta ya madini, kwa hiyo soma kifuniko kwanza.

Shokapu ya nyuma ya hewa ni nyepesi na inafuata uzito wako kwa pampu maalumu, lakini chumba chake cha naitrojeni hakijazwi na fundi wa mtaani. Ya springi nayo mara nyingi ina chumba hicho, lakini inavumilia vumbi na mteremko mrefu zaidi, ila springi lazima ilingane na uzito wako. Vyovyote, ipime inavyozama ukiwa umepanda na mzigo wako: yenye mwendo wa milimita 65 izame kama 19, yaani karibu asilimia 30. Ikizama milimita 30, ongeza hewa au badili springi.

Kwenye bajeti tenga sehemu ya tano ya bei kwa matengenezo ya mwanzo. Mafuta na sili za miguu ya mbele, hata kama muuzaji anaapa zimebadilishwa juzi, kwa sababu RockShox, watengenezaji wa shokapu, wenyewe wanataka miguu hiyo ifunguliwe kila saa 50 za kuendesha. Mililita 100 hivi za silanti, majimaji ya kuziba matundu ya tairi, kwa kila tairi ya 29, na kuongeza kila miezi miwili au mitatu, maana miiba ya migunga ya ukanda wa chini haimuonei mtu huruma. Na ukisikia kuna ndugu anakuja kutoka Ulaya, mwombe nafasi ya kilo moja tu kwenye begi: sili za shokapu zote mbili, kishikio cha gia, jozi tatu za padi.