Jogoo wa Kyoto, tembo wa Oysterbay

Mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Kyoto ana kawaida ambayo sijachoka kuitazama. Majira yanapokaribia kubadilika, huishusha picha iliyotundikwa kwenye kidaka cha sebuleni, huikunja taratibu kama mtu akunjavyo mkeka, huirudisha katika sanduku lake jembamba la mbao, kisha hutundika nyingine: maua ya mplamu na ndege mdogo baridi inapokaribia kwisha, bata na matete vuli inapoingia. Picha hizo huitwa kakejiku, na kidaka chenyewe, tokonoma, ndipo mahali pa heshima nyumbani.

Mchoraji aliyenifungua macho ni Itō Jakuchū, aliyezaliwa mwaka 1716 katika familia ya wauza mboga wa jumla wa soko la Nishiki, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo. Alifuga kuku uani akawatazama kwa muda mrefu kabla ya kuwachora. Mwaka 2016 nilisafiri hadi Tokyo, nikapanga foleni kwa saa kadhaa ili nione picha zake 30 za hariri alizolitolea hekalu la Shōkoku-ji, zenye majogoo, samaki, vyura, hata majani yaliyotobolewa na wadudu. Manyoya meupe ya ndege mmoja yalimetameta kama yametiwa dhahabu, kumbe ni rangi ya manjano ya udongo iliyopakwa nyuma ya kitambaa ikapenya mbele.

Sisemi kwamba kwetu hatuna wachoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli na vipande vya mbao za dari, na ndege wake wana uhai usiopungua wa hawa. Kinachonisikitisha ni kwamba tembo na chui wanaochorwa Oysterbay huondoka ndani ya mabegi ya watalii, ilhali sebuleni kwetu tumetundika kalenda, tena ya mwaka uliopita.

Nilipokwenda likizo nilimwomba mchoraji mmoja anichoree jogoo wa kuchi chini ya mwasumini, kama yule wa uani kwetu Temeke. Akaniuliza mgeni wangu anatoka nchi gani. Nilimjibu kwamba picha ni ya mama yangu. Sasa imetundikwa ukutani kwake, na juzi kwenye simu mama aliniuliza masika ikiingia tutaweka ipi.