Ali B: rapa aliyependwa na runinga

Mashabiki wa hiphopu nchini Uholanzi walikuwa wakibishana kuhusu Ali B miaka mingi kabla hajafika mahakamani. Alipohamia kwenye runinga, aliupandisha muziki wake au aliuuza?

Ali Bouali alizaliwa Zaanstad mwaka 1981, katika familia yenye asili ya Morocco. Mwaka 2004 alitoa albamu ya kwanza, yote maisha ya mtaani, na mwaka huohuo akashirikiana na Marco Borsato, kipenzi cha wasikilizaji wa pop, katika wimbo wa kuchangia War Child, shirika linalosaidia watoto wa maeneo ya vita. Ukashika namba moja. Novemba hiyo mtengenezaji filamu Theo van Gogh akauawa Amsterdam na kijana mwenye asili ya Morocco, na vijana wengi wa asili hiyo wakaanza kutazamwa kwa jicho baya. Runinga ilimhitaji Mmoroko asiyetisha, na huyu hapa: mcheshi, mwepesi wa maneno, aliyethubutu hata kumkumbatia Malkia Beatrix hadharani. Wenye kejeli wakambandika jina la "Mmoroko wa kukumbatiwa".

Wanaomponda wana hoja. Rapa akishakuwa kipenzi cha kila nyumba, hupata shida kusema la kuudhi. Na jamii nzima ikipewa sura ya mtu mmoja, akiteleza yeye wameteleza wote.

Ila kitazame kipindi chake cha Ali B op volle toeren, kilichoanza 2011. Rapa kijana anakutanishwa na mwimbaji wa zamani. Kila mmoja anauchukua wimbo wa mwenzake na kuusuka upya, prodyuza Brownie Dutch akiwapigia midundo, kisha wanakaa ana kwa ana: mmoja anaimba, mwenye wimbo anasikiliza. Wapo wazee waliotokwa na machozi pale, kusikia maneno yao ya zamani yamerudi na midundo mizito. Kwangu mimi hii ni kazi bora kuliko albamu zake zote (samahani kwa wapenzi wa albamu). Alikuwa mwenyeji tu, waliong'ara ni wageni, na rapa wakasikilizwa na watu ambao wangezima redio.

Kiti chekundu cha kocha katika The Voice of Holland, shindano la runinga la kusaka waimbaji, alichokikalia kuanzia 2013, ni habari nyingine. Kocha ana uwezo wa kumwinua au kumwacha kijana anayetafuta jina. Januari 2022, baada ya Tim Hofman, mtangazaji wa kipindi cha uchunguzi cha BOOS, kukusanya malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu kadhaa wa The Voice, kituo cha RTL kilisimamisha matangazo ya shindano hilo. Ali B alikana tuhuma. Julai 2024 mahakama ya Haarlem ilimtia hatiani kwa kubaka na kujaribu kubaka, katika baadhi tu ya mashtaka, ikampa kifungo cha miaka 2. Akakata rufaa.

Watetezi wa kazi yake wanasema milango aliyowafungulia wenzake haifungwi na hukumu. Nakubali. Nisichokubali ni runinga kujifanya ilidanganywa: ilinunua haiba, ikaacha kuuliza maswali. Na tazama mzani wenyewe. Jeroen Rietbergen, kiongozi wa bendi ya The Voice, alikiri mahusiano na mawasiliano ya kingono na wanawake wa kipindi hicho, akaachia ngazi. Waholanzi weupe hawakutakiwa kumjibia.