Pilipili tumeweka, tembo kapita vilevile

Mama mdogo wangu analima Tunduru, mahindi na mikorosho kidogo, na msimu huu alifuata maelekezo yote ya kuzuia tembo kama walivyofundishwa kwenye mkutano wa kijiji. Alichana kanga zake mbili za zamani, vipande akavichovya kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa za kusaga, akaning'iniza kwenye kamba kuzunguka shamba. Macho yalimwasha siku mbili. Ikaja mvua ya siku tatu mfululizo, oili yote ikachuja chini, usiku wa nne tembo wakaingia kama wanaenda kwao.

Sasa mimi sio wale wanaosema tembo wapigwe risasi wote, hapana jamani. Mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja, kufika 2014 wamebaki elfu 43 na kitu sababu ya majangili, kwa hiyo wakiongezeka nafurahi. Na hii ya pilipili sio utani, tembo haupendi kabisa ule ukali, hata nyuki anawaogopa, wenzetu wa Kenya pale Sagalla karibu na Tsavo wamezungushia mashamba mizinga na tembo wengi wanageuza. Ushauri ni mzuri, ishu yangu ni kwamba unampangia kazi mkulima peke yake. Ekari 3 zikiwa mraba mzunguko wake ni kama mita 440, oili aliombaomba kwa fundi wa bodaboda, kila mvua kubwa ikipita achovye upya, na usiku akeshe kwenye dungu na tochi na debe la kupiga. Upande wa pili, wa watu wa wanyamapori, nani kapangiwa saa ya kufika? Simu ilipigwa saa nne usiku, gari likaja kesho yake mchana, vijana wawili wapole tu, wakaangalia nyayo, wakatoa pole, wakaondoka.

Halafu ile hela ya serikali ya mazao yaliyoliwa. Wenyewe hawaiiti fidia, ni kifuta jasho, na mtu akiuawa ni kifuta machozi (majina matamu kweli). Kwa kanuni za 2011 shamba likiwa ndani ya mita 500 toka mpaka wa hifadhi hupati kitu, likiwa mbali unapata zaidi, na mwisho zinahesabiwa ekari 5. Naelewa, hawataki watu walime mlangoni kwa wanyama. Lakini Tunduru ni njia yao, ushoroba wa wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa unapita hukohuko, wanavuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kurudi, tembo hasomi bikoni za mpaka bana. Fomu yenyewe inaanzia kwa mtendaji, inaenda wilayani, inaenda Dodoma, na ya mama mdogo ya msimu wa juzi mpaka leo iko njiani.

Kiukweli kama mnataka pilipili ifanye kazi basi oili na pilipili vifike kijijini kabla mahindi hayajabeba, na mpige hesabu ya siku za kulipa kama mnavyotupigia sisi hesabu ya mita.

Jana kanipigia, nikajua ni hela ya unga, kumbe anauliza kama huku mjini gereji naweza kupata oili chafu dumu la lita 20. Kanga ya tatu ameshaichana.